Soketi Zangu na Boneti Niliyokataa Kuifunga

Msiniulize kwa nini soketi zangu za kufungulia nati zimesimama midomo chini. Au basi niulizeni, maana nnajua mtauliza tu, na mie nimestaafu, kazi yangu siku hizi ni kujibu hata nisiyoulizwa. Zimesimama midomo chini kwa sababu vumbi la Maskati halina adabu. Iache soketi mdomo juu asubuhi, ukirudi adhuhuri unaweza kupanda mtende ndani yake. Halafu unaichukua vivyo hivyo, unaipachika kwenye nati, haizami, inakaa juu juu, na weye unavuta kwa nguvu zako zote za ujana. Nati inalika pembe, mkono unateleza, vifundo vya vidole vinakwenda kuisalimia rejeta. Vidole vilivyochunwa na mchanga ni vingi kuliko vilivyopondwa na nyundo, na mie nimeviona vyote.

Nyinyi mnaoanza kazi za gereji sasa hivi mna masanduku ya magurudumu, yanang'aa kuliko gari la bwana harusi. Ndani mna sponji nyeusi iliyokatwa na mashine, kila soketi imelala kama mtoto mchanga. Vizuri, sina ugomvi na sponji. Lakini sponji inakunywa mafuta, na ikishashiba inavimba, soketi hazikai tena, na fundi mvivu anazimwaga zote kwenye droo moja. Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanza, na ugomvi huo nimezeeka nao.

Changu mie ni kibao. Kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyama, kinene kama kamusi, alichokinunua mke wangu Bi Zuwena kwa ajili ya mishkaki ya Idi. Nilikitoboa kwa drili kabla hakijaonja hata kitunguu. Aliponikuta nacho alikitazama, kisha akanitazama mie.

"Nassor, hiki si kibao changu?"

"Kilikuwa."

"Na mie nyama nikatie wapi, juu ya kichwa chako?"

Nikamwambia kichwa changu ni kigumu, kinafaa. Hakucheka. Idi ile tulikula mishkaki yenye vipande vikubwa kama matofali, na kila mgeni alielezwa sababu.

Lakini kibao kile kimefanya kazi kuliko ofisi nzima ya watu wenye tai. Plastiki hainywi mafuta wala haipati kutu, na ikichafuka unaipangusa kwa kitambaa. Kila tundu nimelitoboa moja kwa moja mpaka chini, ili mchanga uanguke uende zake, na kila tundu lina upana wa soketi yake, si zaidi. Mbele kabisa, unapofikia mkono wa kulia bila kutazama, iko ya milimita kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Hizo ndizo wali na mchuzi wa gari za Kijapani, utazila kila siku. Nyuma yake kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na moja. Mstari wa tatu ni wageni, kumi na tatu na kumi na sita na kumi na nane, wanaokuja na gari za Kijerumani na kuondoka nazo. Soketi ndefu zina upande wao, msizichanganye na fupi, maana unapokuwa umejikunja chini ya dashibodi hutaki kuvuta fupi ukidhani ni ndefu.

Za inchi nimezipaka mkanda wa rangi nyekundu ya kucha. Na rangi hiyo pia ilikuwa ya Bi Zuwena, lakini hayo tuyaache. Zina kopo lao mbali kabisa. Ya kumi na tatu na ya nusu inchi zinafanana kama mapacha, ila ukiivika nati ya nusu inchi soketi ya kumi na tatu inalegea kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuilainisha nati ikawa duara kama goroli. Na zile nyeusi nene ndizo za bunduki ya upepo inayofungulia nati kwa nguvu. Ukitia ya kung'aa kwenye bunduki, siku itakapopasuka kipande hakitauliza jicho ni la nani.

Haya yote si kwa ajili ya urembo. Wako wanaopanga soketi ili wazipige picha. Mie nnapanga ili soketi moja ikikosekana kibao kinikenulie, kama mtu aliyeng'oka jino la mbele. Ukiliona pengo, unasita. Kazi ya kibao ni hiyo, mengine ni starehe.

Hilo alinifundisha Mzee Feruzi, fundi wa Tanga, katika gereji ya Darsait nilipoanzia kazi. Mchana nilikuwa kwake, usiku nilikuwa skuli, nimekaa dawati moja na wanaume wenye wajukuu, na shahada yangu niliipata hivyo hivyo na harufu ya dizeli. Nnayasema haya msije mkadhani mie napiga vita vitabu. Mzee Feruzi naye alikuwa darasa, ila bila mapumziko. Alikuwa hatazami uso wako asubuhi, anatazama sanduku lako, na kutokana na sanduku anajua kama uligombana na mkeo.

"Kibao kwanza, boneti baadaye," alikuwa akisema. "Ukiona tabu kuikumbuka hiyo, nenda kauze halua."

Jamaa mmoja pale aliiona tabu. Alimaliza kazi, akafunga boneti, akawasha gari, na soketi yake ya kumi na mbili ilikuwa bado imekaa juu ya injini, karibu na mkanda wa feni. Wallahi niliisikia ikiondoka. Ilitoboa rejeta, ikatoboa bati la ukuta, na mie naamini ilivuka barabara ikafika Ruwi bila kuchoka. Maji ya moto yalimwagika kama chemchemi. Bahati gari lilikuwa limesimama na watu wote tulikuwa nyuma yake. Mzee Feruzi hakugomba. Alimletea yule jamaa karatasi ya kufungia halua, akaiweka juu ya meza yake ya kazi, akarudi kunywa chai.

Wapo watakaokwambieni hayo ni ya zamani, gari za leo ni za umeme. Sawa. Gari la umeme linaungwa kwa mate? Lina nati, lina boliti, na sasa chini yake mna betri kubwa kama kitanda. Iacheni soketi ya chuma humo, kisha mje mniambie habari za zamani.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe ya ile boneti.

Gereji ilikuwa imehamia Rusayl, penye nafasi na viyoyozi, na tulipata msimamizi mpya, Hilal, kijana mpole, babu yake aliwahi kuwa na duka Mwanza, kwa hiyo Kiswahili tulikuwa tunaelewana. Hilal aliagiza kabati kubwa la chuma lenye droo nyingi. Kila fundi atoe soketi zake za kampuni na zake mwenyewe, zitiwe humo kwa saizi. Wote walitoa. Akaja kwangu akasimama pembeni ya sanduku.

"Ami Nassor, umebaki weye tu."

"Nimezoea kubaki. Hata skuli nilibaki, ndiyo maana niliimaliza usiku."

Alicheka, kisha akaeleza, na maelezo yake yalikuwa na akili. Vifaa vilikuwa vinapotea, watu wanafichana, kijana mgeni anaanza kazi hana hata spana. "Kumi zote droo moja, kumi na mbili zote droo moja. Ukitaka kumi, unajua pa kwenda. Kuna tabu gani?"

"Jioni nikirudisha, na moja ikawa imebaki ndani ya injini ya mtu, droo itanambia?"

"Utaona zimepungua."

"Hilal mwanangu, droo imejaa kumi kama kunde. Nani anahesabu kunde?"

Akasema atalifikiria. Nikamwambia afikirie taratibu, mie siondoki. Na sanduku langu halikuondoka.

Haikupita muda akaja Bwana Sulayyim wa Qurayyat na gari lake kubwa jeupe, alternata imekufa, betri haichaji. Asubuhi alinambia mwenyewe haraka aliyonayo: leo baada ya alasiri anamuoza binti yake msikitini kwao. Baba ndiye walii, bila yeye ndoa haifungwi. Na njiani ampitie mama yake mzee Darsait. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari litakuwa tayari adhuhuri. Na lilikuwa tayari. Alternata mpya imekaa, mkanda umekazwa, betri inachaji, injini inanguruma vizuri kama paka aliyekula. Nikaizima, nikageuka kutazama kibao.

Kumi haipo.

Nikatazama mfukoni, chini ya kitambaa cha kulinda rangi, chini ya meza, sakafuni. Nikamgeukia Kamau, fundi Mkenya aliyekuwa gari la pili.

"Kamau, umechukua kumi yangu?"

"Mzee, kumi yako mimi naiogopa kama bibi ya wenyewe."

Bwana Sulayyim akaja, kanzu imenyooka, kilemba kimefungwa, manukato yanamtangulia. "Yakhe, gari tayari?"

"Gari tayari. Mie bado."

Hakunielewa. Nikamweleza: soketi yangu moja haionekani, na mpaka nijue iko wapi boneti haishuki. Akatazama saa. Akamwita Hilal, na Hilal akanivuta pembeni.

"Ami, mtu anakwenda kumuoza binti yake. Chukua kumi nyingine kabatini, yaishe."

"Sitaki nyingine. Nnataka kujua ile iko wapi."

"Imeanguka mahali. Soketi ndogo kama kidole."

"Mahali gani? Ukiniambia mahali, naifunga sasa hivi. Huyu anakata Maskati nzima, anaingia milima ya Qurayyat, ile miteremko unaijua, na mama yake yuko ndani. Kama imekaa juu ya mkanda itasubiri mtikisiko wa kwanza."

"Na kama haimo?"

"Kama haimo, haimo. Lakini sijui."

Mafundi wote walikuwa wameshasimamisha kazi. Mahali penye kelele kama gereji, ukisikia kimya ujue watu wanakutazama. Hilal uso ulimbadilika. Si mtu mbaya, lakini alikuwa msimamizi mpya, na mbele ya watu wake mzee mmoja anamwambia hapana, kwa mara ya pili.

"Sawa," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Lifumue. Kama imo ndani ya gari, kabati lile nitaling'oa mie kwa mikono yangu. Kama haimo, kesho sanduku lako linamwagwa kwenye droo kama la kila mtu. Na kama hutaki, mlango unaujua."

Nilikuwa sijafika umri wa kustaafu, na binti yetu wa mwisho alikuwa bado chuoni. Nikajibu, "Nasikia." Nikachukua spana.

Tukafungua plastiki ya chini ya injini, mie na Kamau. Tukaling'oa sanduku la chujio la hewa, tukaitoa betri, tukaitazama sahani yake. Nilipitisha sumaku ya mkono mrefu kila kona ambayo mwanga haufiki, nikatoa kipande cha waya, sarafu ya nchi nisiyoijua, na punje ya kokoto. Kumi hapana. Bwana Sulayyim alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu sikioni.

"Nisubirini," alikuwa akisema. "Nimeshikwa na fundi mwendawazimu. La, si ajali. Mwendawazimu tu. Anatafuta kitu chake."

Akaja mpaka kwenye miguu yangu, mie niko chini ya gari.

"Fundi, una mabinti?"

"Ninao."

"Basi ungejua."

"Kwa kuwa ninao ndiyo maana niko huku chini."

Akarudi kwenye kiti. Kamau akaninong'oneza, "Mzee, tumeangalia yote. Wacha hii gari iende. Hiyo kumi imeenda Dubai." Na mie moyoni nilikuwa nimeshaona kwamba haimo. Nilikuwa nimebakisha sehemu moja tu, nyuma ya kinga ya joto karibu na ekzosi. Ningeweza kusema imetosha. Nikaifungua na hiyo. Safi, kama imepanguswa.

Ikaadhiniwa alasiri. Saa ile ndiyo ndoa ilikuwa ifungwe Qurayyat, na walii yuko Rusayl kwenye kiti cha plastiki. Hilal akaenda kutawadha kwenye mabomba ya nje. Sisi tulikuwa tunarudisha plastiki mahali pake aliporejea, mikono ya kanzu imekunjwa, maji yanamdondoka viwikoni. Alikuja moja kwa moja, hakutazama kulia wala kushoto, akakifungua kiganja mbele yangu.

Kumi yangu.

"Nilikuwa natoa funguo mfukoni nitawadhe," akasema. "Ikaanguka ukingoni mwa mfereji." Akaiweka mkononi mwangu. "Asubuhi nilikuja naye Bwana Sulayyim kumwonyesha kazi. Niliiona imekaa juu ya ubavu wa gari, kando ya boneti, nikaogopa itachuna rangi na mwenyewe anatazama. Nikaitia mfukoni, nikaisahau."

Vijana, hapo tulieni kidogo. Mfereji ulikuwa pale pale chini ya bomba. Angeiachia ndani ya maji, nani angejua? Aliileta mbele ya mafundi wote na mbele ya mteja. Kwa hilo nnamheshimu mpaka leo, na nimemwambia. Lakini msije mkadhani alinyenyekea.

"Ila haikuwamo garini, Ami."

"Haikuwamo."

"Kwa hiyo mie ndiye niliyesema kweli."

"Weye ndiye. Lakini adhuhuri ulipoisema ulikuwa hujui kama ni kweli, na mie nilikuwa sijui. Sasa tunajua sote wawili."

Nikaitia kumi kwenye tundu lake. Nikaifunga boneti kwa mikono miwili, nikampa Bwana Sulayyim ufunguo. Hakunipa mkono. Ndoa ilifungwa baada ya magharibi, bibi harusi yuko kwake na watoto anao, lakini baba yake mpaka leo gari lake anapeleka kwingine, na Qurayyat nzima inajua kwamba Rusayl kulikuwa na fundi mwendawazimu. Nnalikubali jina. Watu walikuwa wamemsubiri tangu alasiri mpaka magharibi kwa ajili ya soketi iliyokuwa mfukoni mwa mtu, na ana haki ya kuninunia. Akija leo na gari lile lile na kibao kikawa na pengo, nitamzuia tena, na atanuna tena.

Usiku nilimsimulia Bi Zuwena, nikaongeza chumvi hapa na pale, nikasema watu mia mbili walikuwa wanatazama. Hakujali chumvi.

"Kesho utawapa sanduku?"

"Siwapi."

"Watakufukuza."

"Huenda."

Alifikiri, akasema, "Basi ntakujazia chupa kubwa ya chai. Ukifukuzwa mapema usije ukakaa njiani na kiu."

Asubuhi niliingia na chupa yangu ya chai mkono mmoja na sanduku mkono wa pili, nikapita mbele ya kabati bila kupunguza mwendo. Nikaliweka sanduku juu ya meza yangu ya kazi, nikalifungua, nikakitoa kibao nikakiweka pale pale siku zote kinapokaa. Kamau alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mpira wa penalti. Hakuna aliyewasha bunduki ya upepo.

Hilal alitoka ofisini. Alikuja pole pole, mikono nyuma. Alisimama mbele ya kibao, nami nikasimama upande wa pili; langu nilikuwa nimeshalisema kwa kukitoa. Aliinama. Akapitisha kidole juu ya mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu wa wageni, midomo inamchezacheza, soketi moja moja mpaka ya mwisho.

"Zote zipo?" akauliza.

"Zote zipo."

Akanyooka, akaitazama gereji, mafundi wakajifanya wana kazi.

"Gari lile la kijivu pale mwisho," akasema, "pampu ya maji inavuja."

Nikaenda, nikainua boneti.